Alamu za moduli ya udhibiti kwenye ruta: ondoa chanzo, taa itazimika yenyewe

Picha ninazotumiwa zinafanana: taa nyekundu inawaka mbele ya ruta, na chini yake swali, "Kaka, hii naifutaje?" Ukimhoji mtumaji kidogo unakuta ameshazima ruta nzima na kuiwasha, taa ikazimika, akafunga chumba cha seva akaenda zake. Kesho yake mchana taa imewaka tena, na safari hii ofisi za Nzega na Urambo, hapa mkoani Tabora, hazipatikani.

Alamu haifutwi. Ruta huiweka inapoona tatizo, na huiondoa yenyewe inapoona tatizo halipo tena. Kazi ya fundi ni kuondoa kile kilichoiwasha. Zipo chache zinazoondoka kwa amri tu, nazo nitazifikia, ila hizo si ndizo zinazowasumbua watu.

Mfano ninaoutumia hapa ni ruta za Juniper MX240, MX480 na MX960, ambazo zina nafasi ya vidhibiti viwili: kikuu na cha akiba. Kidhibiti ni moduli inayoiongoza ruta; Juniper huiita Routing Engine, kwa kifupi RE. Ukiwa na ruta ya kampuni nyingine, amri zitakuwa tofauti lakini mpangilio wa kazi ni huuhuu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kwenda

- Laptopu yenye chaji kamili. Usitegemee soketi ya chumba ambacho umeme wake ndio unaoushuku.
- Kebo ya konsoli. Weka kasi 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kusimama. Bila kebo hii usitoke ofisini, maana kidhibiti kilichokwama hakifikiki kupitia mtandao.
- Ukanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli. Kiangazi cha Tabora ni kikavu, na hewa kavu huongeza umeme tuli mwilini. Huuhisi, lakini bodi inauhisi.
- Multimita, bisibisi, tochi na brashi laini.
- Kichujio cha hewa cha akiba, kama kipo stoo.
- Fleshi ya kuhifadhia logi, yaani kumbukumbu za matukio ya ruta.
- Daftari na kalamu. Simu ni nzuri kwa picha, lakini mpangilio wa matukio unaonekana vizuri zaidi kwenye karatasi.
- Ruhusa ya msimamizi wa mtandao, pamoja na muda uliokubaliwa wa kufanya kazi. Kusoma alamu hakuhitaji kungoja usiku. Kuchomoa moduli kunahitaji.

## Hatua ya 1: Soma kwanza, usiguse kitu

Ingia kwenye kidhibiti kikuu uandike:

```
show chassis alarms
show system alarms
```

Amri ya kwanza inaonyesha alamu za vifaa: umeme, feni, joto, kadi, vidhibiti. Ya pili inaonyesha za mfumo, kama leseni na mipangilio. Watu wengi huishia kwenye ya kwanza, kisha wanashangaa taa ya njano inatoka wapi.

Kila mstari una saa, daraja na maelezo. `Major` ndiyo inayowasha taa nyekundu ya duara, na `Minor` huwasha ya njano ya pembetatu. Nakili mistari yote neno kwa neno. "Kuna alamu ya pawa" haimsaidii mtu. "PEM 0 Not OK" inamsaidia (PEM ni pawa saplai).

Onyo: Mbele ya ruta kuna kitufe kimeandikwa ACO/LT. Ukikibonyeza, taa zinazimika na king'ora kinanyamaza, lakini tatizo liko palepale na ujumbe wake utaendelea kuonekana kwenye amri hizo mbili. Kitufe hicho ni cha kupumzisha masikio, basi.

Umefaulu ikiwa: una orodha ya alamu zote kwenye daftari na hakuna kebo uliyoigusa.

## Hatua ya 2: Linganisha saa

Hapa ndipo uchunguzi mwingi unapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ruta ya Juniper isiyopangiwa ukanda wa saa hutumia UTC, saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Juu ya hapo, sisi tunaanza kuhesabu saa alfajiri. Ukichanganya hayo mawili unatafuta tukio la leo kwenye logi za leo, kumbe limeandikwa tarehe ya jana.

Tuseme umefika asubuhi ya tarehe 15 na kumkuta mlinzi getini:

"Shikamoo mzee. Usiku umeme ulikatika?"

"Marahaba kijana wangu. Ulikatika saa nane hivi, ukarudi kabla ya adhana."

Saa nane usiku ni 02:00 kwa saa za Afrika Mashariki, yaani 23:00 UTC, na tarehe kwenye ruta bado ni 14. Ukitafuta tarehe 15 saa 8 hutakuta kitu, utasema umeme hauhusiki, na utaanza kulaumu kidhibiti kizima ambacho hakina kosa.

Hakikisha saa ya ruta yenyewe ni sahihi:

```
show system uptime
show ntp status
```

Kisha, kwa faida ya watakaokuja baada yako, pangilia ukanda:

```
set system time-zone Africa/Dar_es_Salaam
commit
```

Andika daftarini saa uliyobadilisha ukanda. Logi zilizoandikwa kabla ya hapo zitabaki na saa za UTC.

Na mlinzi muulize kila mara. Yeye yuko pale usiku kucha. Anajua umeme ulikatika mara ngapi, jenereta ilichelewa kuwaka kwa muda gani, na kama kuna mtu aliingia chumba cha seva kufagia.

Umefaulu ikiwa: unaweza kuweka kauli ya mlinzi na mstari wa logi pembeni kwa pembeni, na vinakutana.

## Hatua ya 3: Hifadhi ushahidi

Logi hujaa, na za zamani husukumwa nje. Kuwasha upya huongeza mamia ya mistari ya kuwaka inayozisukuma haraka zaidi. Kwa hiyo kabla ya kurekebisha chochote:

```
request support information | save /var/tmp/alamu-kabla.txt
show log messages | match "Alarm set|Alarm cleared"
show log chassisd
```

Faili la kwanza lihamishie kwenye laptopu, na nakala uiweke kwenye fleshi. Tukio likiwa la siku iliyopita, angalia pia mafaili yaliyobanwa, kama `show log messages.0.gz`.

Kisha soma mwenendo. Alamu iliyowekwa mara moja na haijawahi kuondoka kwa kawaida ni kitu kilichokufa au kilichochomolewa. Inayowekwa na kuondoka mara nyingi ni kebo iliyolegea, umeme unaoyumba, au joto linalopanda mchana na kushuka usiku. Tofauti hiyo peke yake inakuokoa nusu ya kazi.

## Hatua ya 4: Tafuta mama wa alamu

Ukikuta alamu tano, mara nyingi tatizo ni moja na nyingine nne ni watoto wake. Usianze na iliyo juu kwenye orodha, wala iliyo nyekundu zaidi. Anza na iliyotangulia kwa saa, na ukague kwa utaratibu huu: umeme, joto, kidhibiti, halafu viungo vya mtandao.

Sababu ni kwamba kila ngazi inaitegemea iliyo chini yake. Umeme ukiyumba, feni na vidhibiti vitalalamika hata kama ni vizima. Joto likipanda, kidhibiti kinaweza kujizima. Fundi anayeanza na kidhibiti akakibadilisha kwa gharama kubwa, halafu kipya nacho kikawasha alamu ileile, ameruka ngazi.

## Hatua ya 5: Umeme

```
show chassis environment pem
show chassis routing-engine
```

Kwenye amri ya pili tafuta `Last reboot reason`. Ikisema `power cycle/failure`, kidhibiti kilikatikiwa umeme. Hakikuzimwa na mtu kwa amri, na hakikuanguka kwa kosa la programu.

Pawa saplai ikiwa `Not OK`, fuata njia ya umeme kutoka nyuma ya ruta kurudi ukutani: kebo imeingia sawasawa, swichi ya pawa saplai imewashwa, sakiti breka haijaanguka, UPS (betri ya akiba) inatoa umeme. Pima kwa multimita. Kwa mfumo wa umeme mnyoofu (DC), thamani ya kawaida ni volti 48 hasi, na betri zilizochoka hushuka chini ya hapo mara tu umeme wa TANESCO unapokatika.

Hakikisha pia pawa saplai hazitegemei chanzo kimoja. Nimeona raki nyingi ambazo pawa saplai zote zimechomekwa kwenye ekstensheni moja. Za akiba hapo ni pambo tu.

Onyo: Usipime upande wa umeme mkubwa kama hujafunzwa. Mwite fundi umeme. Na msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, kagua waya wa ethi wa raki kabla ya kulaumu bodi. Radi haiombi ruhusa kupita kwenye kebo ya data.

Umefaulu ikiwa: pawa saplai zote zinaonyesha `Online` na alamu yake imetoweka bila wewe kuandika amri yoyote ya kuifuta.

## Hatua ya 6: Joto na vumbi

Kwa Tabora hii ndiyo hatua yenye mavuno. Kuanzia Juni hadi mvua zinapoanza vumbi halina likizo, na Oktoba joto linapanda juu yake.

```
show chassis environment
show chassis fan
show chassis temperature-thresholds
```

Amri ya tatu inakupa mipaka: feni zinaongeza kasi kwenye nyuzijoto ngapi, taa ya njano inawaka wapi, nyekundu wapi. Linganisha na ya kwanza. Usikisie kwa kushika chasisi.

Sasa rudi kwa yule mzee na umeme wa saa nane. Ruta haikuzimika kwa sababu iko kwenye UPS. Kiyoyozi hakiko kwenye UPS, kikazimika. Umeme uliporudi, kiyoyozi kikabaki kimezimwa, maana vingi havijiwashi hadi mtu abonyeze rimoti. Usiku kulikuwa na ubaridi, hakuna aliyejua. Saa saba mchana chumba kimekuwa tanuri, alamu ya joto inawaka, na fundi anatafuta kosa lililotokea saa saba mchana. Halipo. Lilitokea usiku.

Kwa hiyo kagua kwa mpangilio:

Kiyoyozi kinafanya kazi? Kama kinaweza kupangiwa kujiwasha umeme ukirudi, kipangie leo.

Hewa inapita? MX240 na MX480 huvuta hewa upande mmoja na kuitolea upande wa pili. Maboksi matupu yaliyoegeshwa kando ya raki huziba njia hiyo. Yatoe.

Kichujio cha hewa kikoje? Kivute ukimulike na tochi. Kama mwanga haupiti, weka cha akiba. Kama huna, kitoe nje ya chumba, kikung'ute na ukisafishe kwa brashi, kisha ukirudishe mara moja. Usiiache ruta ikivuta hewa bila kichujio ili "ipumue". Itapumua vumbi, na vumbi hilo litakaa juu ya bodi.

Feni zote zinazunguka? Iliyokufa itaonekana kwenye `show chassis fan`. Trei ya feni hubadilishwa ruta ikiwa inafanya kazi, lakini iwe na mbadala mkononi kabla ya kutoa ya zamani.

Umefaulu ikiwa: kipimo cha joto kinashuka polepole kila unaporudia amri, na feni zimerudi kwenye kasi ya kawaida. Ipe muda, chuma hakipoi papo hapo.

## Hatua ya 7: Kidhibiti chenyewe

Umefika hapa umeme ukiwa mzuri na joto liko chini. Sasa una haki ya kukishuku kidhibiti.

Alamu inayowatisha wengi ni `Loss of communication with Backup RE`. Maana yake kidhibiti kikuu hakimsikii mwenzake. Mtandao bado unapita, ila huna akiba: kikuu kikianguka, hakuna wa kumpokea.

Chomeka kebo ya konsoli moja kwa moja kwenye kidhibiti cha akiba uone kinasema nini.

Kimya kabisa. Bonyeza Enter mara kadhaa na uhakikishe kasi ni 9600. Kikiendelea kunyamaza, hakijawaka au kimekufa. Nenda hatua ya 8.

Kimesimama kikisubiri kitufe. Ukiona maneno `The operating system has halted`, kuna mtu alikizima kwa amri akasahau kukirudisha. Bonyeza kitufe chochote na ukisubiri kiwake.

Kinawaka na kuanguka, kinarudia. Nakili maneno ya mwisho kabla hakijaanguka. Mara nyingi ni diski iliyoharibika, na kukatika umeme ghafla mara kwa mara ndiko kunakoiharibu.

Kimewaka vizuri. Ingia ukague ndani:

```
show system storage
show system core-dumps
```

Kama `/var`, sehemu ya diski inayokaa logi, imejaa, kwanza angalia nini kitaondolewa, kisha safisha:

```
request system storage cleanup dry-run
request system storage cleanup
```

Amri hii inafuta logi za zamani. Ndiyo sababu hatua ya 3 iko kabla yake.

Ukikuta alamu inayotaja `alternate media`, kidhibiti kimeshindwa kuwaka kwa hifadhi yake ya kwanza na kimetumia ya pili. Kinafanya kazi, lakini kimebakiwa na mguu mmoja. Usikiwashe upya "kujaribu", maana hifadhi ya pili ikigoma utakuwa huna kidhibiti. Hifadhi mipangilio nje ya ruta, kisha uanze taratibu za kupata kingine.

## Hatua ya 8: Kuchomoa na kurudisha moduli

Fanya hivi usiku, kwa ruhusa, na kwa kidhibiti cha akiba pekee. Ikiwa chenye tatizo ndicho kikuu, hamisha kwanza madaraka. Kabla ya kuhamisha, ingia kwenye cha akiba uandike:

```
show system switchover
```

Unataka kuona `Graceful switchover: On`, na hifadhidata zote mbili, ya mipangilio na ya kerneli (kiini cha mfumo), ziwe `Ready`. Zikiwa hivyo, rudi kwenye kikuu:

```
request chassis routing-engine master switch
```

Kama haziko tayari, kuhamisha kutakatisha huduma wakati kadi zinaanza upya. Hilo liamue pamoja na msimamizi, si peke yako saa sita usiku.

Sasa moduli:

1. Vaa ukanda wa umeme tuli na uunge kwenye sehemu yake ya chasisi.
2. Ingia kwenye kidhibiti cha akiba uandike `request system halt`. Kwa vidhibiti vipya vinavyotumia vmhost, ni `request vmhost halt`.
3. Subiri konsoli iseme mfumo umesimama. Kuchomoa kikiwa bado kinaandika kwenye diski ni kuitafuta ile alamu ya `alternate media`.
4. Legeza skrubu, fungua mikono ya pembeni kwa pamoja, vuta kwa usawa.
5. Mulika pini za ndani. Iliyopinda, iliyoungua au yenye kutu ina maana moduli isirudi humo. Usipulize kwa mdomo, mate ni maji.
6. Rudisha kwa usawa hadi ishike, sukuma mikono yote miwili ndani, kisha kaza skrubu. Moduli iliyosimama nusu huleta alamu zinazokuja na kuondoka, na itakutesa kwa wiki nzima.

Umefaulu ikiwa: `show chassis routing-engine` inaonyesha vidhibiti viwili, kimoja `Master` na kingine `Backup`, na alamu ya kupotea mawasiliano imeondoka.

## Zile zinazoondoka kwa amri

`Rescue configuration is not set`: ruta haina mipangilio ya dharura. Ukiwa na uhakika mipangilio ya sasa ni mizuri, andika `request system configuration rescue save`.

`Host 0 fxp0 : Ethernet Link Down`: mlango wa usimamizi hauna kebo. Kama mnautumia, rudisha kebo. Kama hamuutumii kabisa:

```
set chassis alarm management-ethernet link-down ignore
commit
```

`Backup RE Active`: kidhibiti cha akiba ndicho kinachoongoza sasa. Usikimbilie kukirudisha nafasi yake. Uliza kwanza kwa nini kile kikuu kiliachia.

## Hatua ya 9: Thibitisha

Rudia amri mbili za hatua ya 1. Jibu unalolitaka ni `No alarms currently active` kwenye zote mbili. Halafu usiondoke. Kama chanzo kilikuwa umeme, omba swichi kubwa izimwe mkiwa mmejipanga, muone UPS na jenereta zinapokezana bila alamu mpya. Kama kilikuwa joto, jibu la asubuhi halina thamani: rudi saa nane au saa tisa mchana uangalie tena. Logi ya `Alarm cleared` iwe na saa inayolingana na kazi uliyofanya. Ikiwa iliondoka kabla hujagusa kitu, hujaitatua.

## Ukilazimika kuagiza moduli

Moduli itatoka Dar es Salaam au mbali zaidi, na kuirudisha kwa sababu si yenyewe ni kupoteza siku za basi. Tuma matokeo kamili ya `show chassis hardware` na `show version`, si picha ya mbele ya ruta. Namba ya sehemu ndiyo inayoamua. Vidhibiti viwili vinavyofanana kwa sura vinaweza kuwa vya kizazi tofauti.

Ikifika, isije ikaenda moja kwa moja kwenye raki kisha ukalala. Pandisha kwanza toleo la Junos (programu inayoendesha ruta) lifanane na la kidhibiti kikuu, kisha kwenye kikuu andika `commit synchronize` ili mipangilio ifike pande zote, na urudie `show system switchover` mpaka iseme `Ready`. Ya zamani ifungie kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli, uandike juu yake tarehe na maneno kamili ya alamu yake, ili mtu wa stoo asije akaipeleka Sikonge kama akiba nzima.